Ditekta inalia, dhahabu iko wapi? Jinsi ya kuchagua eneo na kukabiliana na taka zilizofukiwa

Kila mvua zinapokatika na njia za porini kuanza kupitika, maswali yanayoingia kwenye kipindi chetu hubadilika. Ya mbolea na mbegu hupungua, ya dhahabu huongezeka. Swali lililotugusa zaidi msimu huu lilitoka kwa kijana mmoja wa Chunya aliyetuandikia usiku. Alikuwa ameuza ng'ombe wawili wa familia, akaongeza mkopo ambao mke wake alichukua kwenye kikundi cha akina mama, akanunua ditekta iliyotumika. Wiki ya tatu porini, mashine ilikuwa inalia kila baada ya hatua mbili, na kila aliposhika sururu alitoa kizibo cha soda, msumari au kipande cha bati. Aliuliza hivi: "Mashine ndiyo mbovu, au eneo ndilo bovu?"

Tuliwatafuta wachimbaji wenye uzoefu, tukaenda nao porini siku nzima, na jibu tulilorudi nalo ni kwamba huenda hakuna kilicho kibovu kati ya hivyo viwili. Katika kazi hii eneo zuri na eneo lenye taka mara nyingi ni eneo moja. Anayefaulu ni yule anayejua kuchagua ardhi kisha akawa na subira ya kuondoa takataka za waliomtangulia. Makala hii inaeleza jinsi ya kufanya yote mawili, pamoja na mambo ya kujua kabla hujatoa hela.

Ditekta inaona nini?

Ditekta haijui dhahabu. Inachojua ni metali. Koili, ile sahani ya chini, hupeleka nguvu ya sumaku ardhini. Nguvu hiyo ikikutana na kipande cha metali, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme, na mikondo hiyo hurudisha ishara ambayo mashine huigeuza kuwa sauti. Kwa hiyo kizibo cha soda, risasi, karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara na kipande cha dhahabu vyote vinaweza kuifanya mashine ilie.

Pia kuna dhahabu ambayo ditekta haiioni. Dhahabu ya unga, au ile iliyosambaa kwa chembe ndogo ndani ya jiwe, haitoi ishara ya kutosha hata kama jiwe hilo likisagwa kwenye karasha linatoa gramu nyingi. Ditekta ni chombo cha kutafuta vipande. Kipande kidogo kama punje ya mchele kitasikika kikiwa sentimita chache tu chini ya udongo. Kikubwa zaidi kitasikika chini zaidi. Mtu akikuambia mashine yake inaona dhahabu mita ishirini chini, au kwamba fimbo yake yenye antena inaelekea yenyewe mlima wenye dhahabu, shika mfuko wako.

Tunasema hivyo kwa sababu biashara ya vifaa vya uongo imeshaumiza hata serikali. Mwaka 2013 mahakama moja ya London ilimhukumu James McCormick kifungo cha miaka 10 kwa kuuza vifaa vya fimbo na antena alivyodai vinatambua mabomu. Vilitokana na kichezeo cha kutafutia mipira ya gofu, na havikuwa na uwezo wowote. Iraq ilikuwa miongoni mwa wanunuzi. Kama jeshi linaweza kudanganywa, mchimbaji mdogo asijione yuko salama.

Kwa nini dhahabu na taka hukaa pamoja

Chunya ni mfano mzuri. Dhahabu ya Lupa imekuwa ikichimbwa tangu miaka ya 1920, na katika miaka ya 1930 eneo hilo lilijaa watafutaji kutoka ndani na nje ya Tanganyika. Wengi hawakuchimba mashimo marefu. Walifuata mabonde na vijito, wakaosha mchanga. Baadaye yakaja machimbo ya mwamba kama Saza, na hadi leo vijiji vinavyozunguka Makongolosi, Matundasi na Itumbi vinaishi kwa dhahabu.

Karibu miaka mia moja ya watu kupiga kambi, kula, kujenga na kuhama imeacha alama zake. Kuna makopo ya nyama, misumari ya masanduku, vipande vya tindo na sururu, waya, maganda ya risasi za wawindaji, na juu ya hayo yote vizibo na betri za kizazi chetu. Watu hao hawakukaa pale bila sababu. Walikaa kwa sababu palikuwa na dhahabu.

Ndiyo maana mchimbaji mmoja mzee tuliyekuwa naye alituambia kwamba akifika mahali pasipo hata msumari mmoja hujiuliza mara mbili kabla ya kuanza. Na akifika mahali penye makelele ya chuma ambapo wenye mashine waliotangulia walichoka wakaondoka, hufurahi. Anajua wameacha kitu.

Kusoma ardhi kabla ya kuwasha mashine

Dhahabu ni nzito mno. Kwa ujazo uleule, dhahabu safi ina uzito wa zaidi ya mara saba ya mchanga wa kawaida. Tabia zake nyingi zinatokana na uzito huo. Mwamba wenye mshipa unapooza na kubomoka kwa mvua za maelfu ya miaka, mchanga hukimbia na maji, lakini dhahabu husafiri kidogo na hutulia mapema. Kwa hiyo tafuta mahali pafuatapo:

Miteremko iliyo chini ya mshipa unaojulikana. Ukiona vipande vingi vya mawe meupe ya kwatzi yenye kutu ya kahawia, panda navyo taratibu kuelekea vinakotoka. Vipande vya dhahabu vilivyoachiwa na mwamba huo huwa kati ya mshipa na bonde.

Upande wa ndani wa kona za vijito, ambako maji hupunguza kasi, na nyuma ya mawe makubwa yanayokinga mkondo.

Mahali ambapo mwamba mgumu uko karibu na uso wa ardhi. Dhahabu huzama mpaka izuiwe, na nyufa za mwamba huikamata. Pale ambapo udongo ni wa mita kadhaa juu ya mwamba, ditekta haitafika.

Vifusi na kingo za machimbo ya zamani. Waliotangulia walitumia karai na macho. Donge lililofunikwa na udongo mwekundu lilitupwa pamoja na mawe. Lakini vifusi na marudio vina mwenyewe hata kama havina mlinzi, tutalirudia hilo.

Muda nao una nafasi yake. Baada ya mvua maji huwa yameondoa tabaka la juu, na udongo huwa laini kuchimba. Mashamba yaliyolimwa upya nayo hupandisha juu vitu vilivyokuwa chini, ila usiingie shambani kwa mtu bila kukubaliana naye.

Kabla ya yote, zungumza na wazee wa kijiji. Wao wanajua kambi ilikuwa wapi, kijito kipi kilioshwa na kipi kilihama njia. Saa moja ya mazungumzo kwenye kivuli cha mwembe inaweza kukuokolea wiki mbili za kuzunguka.

Ruhusa kwanza, sururu baadaye

Hapa ndipo vijana wengi hujikuta kituo cha polisi. Chini ya Sheria ya Madini, Sura ya 123, huruhusiwi kutafuta wala kuchimba madini bila leseni, na kutembea na ditekta ukitafuta dhahabu ni kutafuta madini. Leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa na Tume ya Madini kwa Watanzania, hudumu miaka 7 na inaweza kuhuishwa. Asiye na leseni yake hufanya kazi ndani ya leseni ya mtu mwingine kwa makubaliano naye.

Makubaliano hayo yaandikwe. Karatasi moja inatosha: nani mwenye leseni, nani mwenye mashine, nani wachimbaji, mgawo ni upi, nani analipia chakula na mafuta, na dhahabu itapimwa wapi na mbele ya nani. Ugomvi mwingi tuliousikia haukutokana na kukosa dhahabu. Ulitokana na kuipata.

Leseni ya madini pia haifuti haki za mwenye ardhi. Nyumba, mashamba yaliyolimwa na makaburi vina masharti yake ya ridhaa, na hifadhi za misitu na wanyama zina vibali vyake. Pitia ofisi ya kijiji kabla ya kuingia porini. Ukipata dhahabu, iuze kwenye soko la madini, ambako bei elekezi iko wazi na malipo yana kumbukumbu. Masoko hayo yalianza kufunguliwa mwaka 2019, na Chunya ina la kwake.

Jinsi ya kushinda taka

Siku tuliyokwenda porini, kufikia saa saba mchana mfuko wa taka wa kikundi kile ulikuwa umejaa pomoni, na chupa ya dhahabu ilikuwa na kipande kimoja kisichofikia punje ya mchele. Hakuna aliyenung'unika. Utaratibu wao ulikuwa huu.

Kwanza, wao wenyewe walivua metali. Simu iliwekwa mbali, mkanda wenye bakoli kubwa ulifunguliwa, na viatu vyenye chuma puani viliachwa kambini. Mashine hulia kwa mchimbaji kama inavyolia kwa kizibo. Wenye ditekta mbili pia hawakutembea bega kwa bega, kwa sababu mashine mbili huvurugana.

Pili, waligawa eneo kwa kamba. Walipita mstari mmoja baada ya mwingine, koili ikiwa chini karibu kugusa ardhi, kwa mwendo wa kufagia polepole, na kila mfagio ulikula sehemu ya mfagio uliopita. Anayezungukazunguka ovyo huacha nusu ya ardhi akidhani ameimaliza.

Tatu, walisafisha uso kwa sumaku. Sumaku kubwa iliyofungwa kwenye reki ilikokotwa juu ya udongo na kuokota misumari, waya na vipande vya bati. Dhahabu haivutwi na sumaku, kwa hiyo hakuna hasara. Kazi hii ya nusu saa hupunguza makelele mengi ya siku nzima.

Nne, palipokuwa na taka nyingi walifunga koili ndogo. Koili kubwa hufika chini zaidi, lakini huona vitu vitatu kwa pamoja na kuvichanganya kuwa sauti moja. Koili ndogo huvitenganisha, na inaweza kusikia dhahabu iliyolala kando ya msumari.

Tano, kabla ya kuchimba walikwangua udongo wa juu kwa kiatu. Ishara ikihama au kupotea, basi ni taka ya juu. Ikibaki palepale na kuongezeka nguvu, inafaa kuchimbwa. Walipita pia juu yake kutoka pande mbili. Msumari mrefu mara nyingi hutoa sauti mbili ukipitiwa upande mmoja na sauti moja ukipitiwa upande mwingine, ilhali kipande cha mviringo hulia vilevile kotekote. Kumbuka lakini kwamba kizibo nacho ni cha mviringo.

Sita, kila ishara iliyobaki ilichimbwa. Mashine nyingi zina kitufe cha kukataa chuma, na mgeni hukipenda sana. Wazoefu hawakiamini. Udongo wetu mwekundu una madini mengi ya chuma ambayo huidanganya mashine, na dhahabu iliyo jirani na msumari inaweza kukataliwa pamoja nao. Alumini ni mbaya zaidi, kwa kuwa kipande kidogo chake hulia karibu sawa na kipande kidogo cha dhahabu. Ukiamua kuacha sauti zote za alumini, umeamua kuacha na dhahabu.

Saba, walikuwa na njia ya kukikamata kitu ndani ya udongo. Udongo uliotoka shimoni huwekwa kwenye koleo dogo la plastiki na kupitishwa juu ya koili. Ukilia, unamwagwa nusu, unapitishwa tena, mpaka kinabaki kiganja kimoja. Sumaku ikikichukua, ni chuma. Kama sivyo, kioshe kwa maji ukitazame.

Nane, kilichotoka hakirudi. Kila kizibo kiliingia mfukoni. Ukikitupa pembeni, kesho utakichimba tena au atakichimba mwenzako. Chuma chakavu na alumini vina wanunuzi, na kikundi kile kilisema pesa yake hununua sabuni na chumvi. Mashimo nayo yalifukiwa yote, maana ng'ombe na watoto hupita hapo hapo. Mwenye shamba anayekuta ardhi yake imerudishwa vizuri atakukaribisha tena.

Usisahau mawe. Baadhi ya mawe mazito yenye chuma hulia kama metali. Okota moja, lipitishe juu ya koili na ujifunze sauti yake, kisha rekebisha mashine kulingana na udongo wa pale. Ukihama bonde, rekebisha upya.

Vitu usivyogusa

Si kila kinacholia ni taka au mali. Kwenye vifusi vya machimbo kunaweza kuwa na fataki za kulipulia ambazo hazikuwaka. Nyingi ni vijibomba vidogo vya alumini au shaba, pengine vikiwa na waya. Ukiviona, usivikune, usivivute waya, wala usivitie mfukoni.

Nyanda za juu kusini ziliona pia vita ya kwanza ya dunia. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia kutoka kusini kupitia Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu Langenburg, na mapigano ya Afrika Mashariki yalikwisha Novemba 1918 pale jenerali von Lettow-Vorbeck aliposalimisha jeshi lake Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia. Kombora la zamani lililooza kwa nje linaweza kuwa zima kwa ndani. Ukikuta kitu kama hicho, acha kuchimba, weka alama mbali kidogo, ondoa watu, toa taarifa polisi.

Na mashimo yaliyoachwa usiyaingie kufuata ishara. Matimba ya zamani huoza na hewa ya ndani inaweza kuua kimya kimya.

Vipi kuhusu mali ya Mjerumani?

Swali hili halikosekani. Ni kweli Wajerumani waliacha sarafu. Neno letu "hela" limetokana na heller, na rupia moja ilikuwa heller 100. Ni kweli pia kwamba mwaka 1916, wakati wa vita, walitengeneza Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Hivyo kuokota sarafu ya zamani si ndoto.

Lakini masanduku ya dhahabu yenye ramani, na rupia za "zebaki nyekundu" zinazonunuliwa kwa mamilioni, ni biashara ya matapeli. Utaratibu wao ni uleule: unaombwa pesa ya kafara, ya mtaalamu, kisha ya kibali, na sanduku halifunguki. Watu wamebomoa sakafu za nyumba zao kwa hadithi hizo. Isitoshe, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali kwa anayechimba kutafuta vitu vya kale, na maboma na makaburi ya zamani si mahali pa kujaribia mashine.

Kabla hujauza ng'ombe

Kodi ditekta kwa siku kadhaa au ungana na kikundi chenye nayo kabla ya kununua. Ukinunua, fahamu kuwa mashine bandia zinazofanana na zile za kampuni maarufu zimejaa. Ijaribu mbele ya muuzaji kwa kipande halisi cha dhahabu kilichofukiwa kwenye udongo wa kwenu. Meza ya dukani haitakuambia chochote. Weka akiba ya chakula na mafuta ya angalau mwezi mmoja usiotoa kitu, kwa sababu mwezi kama huo utakuja. Na pesa ya kikundi cha akina mama isiingie humo, kwa kuwa marejesho yake ni ya kila wiki na dhahabu haina ratiba.

Kijana aliyetuuliza swali tulimuunganisha na kikundi tulichokitembelea. Mashine yake waliijaribu, ikaonekana ni nzima. Koili aliyokuwa nayo ndiyo ilikuwa kubwa mno kwa kambi ya zamani aliyokuwa akiifagia, na kitufe cha kukataa chuma alikuwa amekifungulia mpaka mwisho. Wamemwazima koili ndogo, na amerudi palepale penye vizibo. Mara ya mwisho alipotupigia alikuwa hajapata cha kulipa mkopo wote, lakini marejesho ya wiki mbili yalikuwa yamelipwa, na mfuko wa taka, alisema, ulikuwa umejaa mara nne.